Kidole gumba kimoja, simu kumi na nne

Jumatano, Lushoto. Ukungu uliondoka saa sita, ukarudi saa tisa kama mtu aliyesahau ufunguo. Saa kumi hii silioni paa la jirani. Nimevaa soksi mbili mbili, nimejifunga kitenge juu ya sweta, na nimekasirika. Hasira inasaidia kidogo kwenye baridi.

Leo nimekataa kuandika sentensi moja.

Sentensi yenyewe ni fupi na haina kosa: "Watumiaji wameupokea Ubao wa Wazi kwa furaha, na ushirikiano ndani ya vikundi umeongezeka." Meneja wangu, Gervas, alinitumia asubuhi ikiwa imeshaandikwa. Kazi yangu ilikuwa kuinakili kwenye ripoti na kuweka jina langu chini. Keshokutwa, Ijumaa, ripoti inasomwa Dar es Salaam mbele ya wakubwa, na wakiipenda, Ubao unafunguliwa kwa vikundi vyote vinavyotumia programu yetu, nchi nzima.

Nilimjibu neno moja. Hapana. Kisha nikaenda kuota moto jikoni kwa mama mwenye nyumba.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana nikiiachia hasira iandike yenyewe itaharibu.

Mimi ni mtafiti wa watumiaji. Mama yangu bado anawaambia watu nauza simu, na nimeacha kumrekebisha. Ninachofanya ni kukaa na watu wanaotumia programu, kuangalia wanavyobonyeza, na kuwauliza kwa nini wamebonyeza hapa na wala si pale. Programu yetu ni ya kupanga kazi za kikundi: nani afanye nini, lini, na amemaliza au bado. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini wenye viti vya kuzunguka. Waliokuja kuipenda ni wakulima wa mboga wa huku kwetu milimani, kwa sababu mzigo wa mboga una kazi nyingi ndogondogo na gari la Dar halimsubiri mtu. Mmoja avune, mwingine aoshe, mwingine atafute magunia, mwingine awahi barabarani kumzuia dereva kwa maneno matamu. Zamani walipangana kwa kuitana kutoka mlima huu hadi ule. Sasa wana simu, ingawa bado wanaitana vilevile.

Kila kazi kwenye programu ina mwenyewe mmoja. Akimaliza anabonyeza "Nimemaliza" na kazi inageuka kijani. Saa iliyopangwa ikipita kabla hajabonyeza, inageuka nyekundu. Hayo yalikuwepo siku zote, na kila mtu aliona ya kwake tu.

Ubao wa Wazi ndio mpya. Kwenye Ubao kila mwanachama anaona kazi za wenzake wote, na majina yameandikwa kwa herufi kubwa. Nyekundu ikitokea, kengele inalia kwenye simu za kikundi kizima kwa mpigo mmoja, na jina la mchelewaji linajitokeza juu ya skrini. Gervas anasema huo ni uwazi. "Mficha uchi hazai," hupenda kusema kwenye vikao, na watu wa Dar hucheka.

Hapa nikiri jambo linaloniaibisha.

Kengele ni wazo langu.

Mwaka jana niliandika kwenye ripoti kwamba wanachama wanasahau kazi zao na wangependa kukumbushwa. Nikapendekeza mlio. Walipokubali nilifurahi mpaka nikampigia mama, naye akaniuliza kama basi sasa nitapandishwa cheo kwenye hilo duka la simu. Sikujiuliza mlio huo utalia wapi, saa ngapi, na mbele ya nani. Kuuliza ndiyo kazi ninayolipwa kufanya, na siku ile sikuuliza.

Majaribio ya Ubao yalianza miezi mitatu iliyopita kwenye vikundi sita, vyote vya huku Usambara. Wiki mbili za kwanza ilikuwa nyekundu tupu. Baada ya hapo vikundi vikaanza kugeuka kijani, kimoja baada ya kingine, hadi vyote sita vikawa kijani kama shamba la chai. Gervas alinitumia picha ya grafu. "Umeona? Aibu inafanya kazi," aliandika, akaweka na kile kisura kinachocheka hadi machozi. Akanituma nipande milimani nikakusanye maneno mazuri ya watumiaji ya kupambia ripoti.

Kikundi nilichoanza nacho kiko juu ya Mlalo, tuseme. Na kama kuna mtu wa ofisini anayesoma hapa: majina yote nimeyabadilisha isipokuwa langu, kijiji nimekihamisha, na hata hizo karoti nitakazozitaja huenda zilikuwa viazi. Usijisumbue.

Nilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Walinipokea nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mama Shemdoe, kwa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, wanawake kumi na watatu kwenye mabenchi. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka kwa wale tunaolingana umri. Kisha nikawasha kinasa sauti nikauliza: Je, Ubao unawasaidia?

"Unatusaidia sana," wakasema.

Wote. Kwa sauti moja, kama darasa la kwanza. Nikauliza umewasaidiaje. Wakasema umetusaidia kushirikiana. Mama Shemdoe akaongeza kwamba nimfikishie bosi wangu salamu na shukrani. Saa moja tu na nilikuwa na maneno mazuri ya kujaza ripoti nzima.

Niliteremka ule mlima nikijisikia mjanja. Nilipofika nusu ndipo ujanja ukaniisha. Mimi ni Mshambaa wa hukuhuku. Nimelelewa nikijua kwamba mgeni aliyepanda mlima hadi kwako humwambii mboga haina chumvi. Nimekwenda na begi la ofisi, nimekunywa chai yao, nimeuliza swali la mgeni, nimepewa jibu la mgeni. Mzungu angesamehewa. Mimi mama angenifinya sikio.

Kwa hiyo Ijumaa, siku ya gari, nilirudi. Bila taarifa, bila karatasi, bila kinasa sauti, nimevaa buti za mvua za mama mwenye nyumba. Niliwakuta mtoni wanaosha karoti.

"Shikamooni mama zangu. Nimekuja kusaidia."

"Marahaba," Mama Shemdoe akasema, akaniangalia miguuni. "Leo umekuja na miguu ya kazi. Haya, fungu lako hili hapa."

Kama hujawahi kuosha karoti kwenye maji ya mlimani mwezi wa saba, usinisimulie habari za baridi. Baada ya nusu saa sikuwa na habari na vidole vyangu. Wenzangu walikuwa wanapiga soga, wanasugua, wanatupia kwenye tenga, na mmoja akanitania kwamba karoti zangu zitafika Dar na udongo wa kutosha kupandia nyingine.

Ilipofika saa nne nikamwona mwenzao mmoja, Mwajuma. Alikuwa amekaa juu ya jiwe bapa pembeni, mtoto mgongoni, na mbele yake beseni la plastiki lililofunikwa kanga. Akafunua kanga. Ndani kulikuwa na simu kumi na nne, moja imefungwa uzi mwekundu, nyingine mpira wa manjano, nyingine ina kovu la kioo, kila moja na alama yake ya kutambulika. Akachukua ya kwanza, akabonyeza kwa kidole gumba, akairudisha. Akachukua ya pili. Ya tatu. Hakuharakisha, kama mtu anayechambua mchele.

Nikatoa simu yangu mfukoni nikafungua Ubao wa kikundi chao. Kuvuna: kijani. Kuosha: kijani. Magunia: kijani. Kubeba hadi barabarani: kijani. Karoti zenyewe zilikuwa bado majini. Magunia yalikuwa hayajafika.

"Mwajuma, unafanya nini?"

"Nawamalizia," akasema.

Wote wakacheka. Kisha wakakumbuka mimi ni nani na kicheko kikakatika.

Mimi ndiye niliyerudia kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Miezi mitatu ya takwimu, grafu imepaa, Dar wanashangilia, na sehemu yake ni kidole gumba cha mama mmoja aliyekaa kwenye jiwe. Nikawauliza kwa nini, nikiwa bado nacheka, na hapo hakuna aliyecheka nami.

Mama Shemdoe alifuta mikono kwenye kanga yake, akahamia Kishambaa, akanieleza polepole.

Wiki ya pili ya Ubao, mume wa Zaina alifariki. Zaina ni mwanachama wao, wamelima pamoja miaka mingi. Akaingia eda. Siku ya tatu wanawake wote wa kikundi walikuwa nyumbani kwake, wamekaa kwenye mikeka, kisomo kinaendelea. Siku hiyo kwenye programu Zaina alikuwa amepangiwa kuosha karoti. Hakuna aliyekumbuka kuifuta hiyo kazi, na nani akumbuke karoti siku kama hiyo. Saa nane mchana simu zikalia. Zote kwa mpigo mmoja, kwenye mikoba, kwenye mafundo ya kanga, katikati ya dua. Kila aliyetoa yake kuizima aliona maneno yaleyale: ZAINA HAJAMALIZA. KUOSHA KAROTI.

Simu ya Zaina mwenyewe ilikuwa kwenye mkeka ubavuni kwake. Ikalia na yenyewe.

"Tulitamani ardhi ipasuke," Mama Shemdoe akasema. "Mwenzetu kafiwa, na simu zetu wenyewe zinamsuta mbele ya wageni."

Niliinamia karoti zangu. Nilizisugua zilizokuwa zimeshatakata. Hawakujua kwamba mlio ule ulitoka kichwani kwangu, na sikuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Nikauliza kwa nini hawakuacha tu kumpangia Zaina kazi. Wakaniangalia kwa huruma, maana nilipaswa kujua, ni programu yangu. Mwanachama akikaa siku thelathini bila kubonyeza "Nimemaliza", programu inamhesabu ameacha kushiriki na inamtoa kwenye orodha. Na gari la mnunuzi hupakia kwa orodha hiyohiyo ya programu. Ukiwa haumo, magunia yako yanabaki barabarani. Eda ni miezi minne na siku kumi. Zaina ana karoti zimekomaa shambani, ana watoto, na sasa hana mume.

Basi kazi zake wameziacha kwenye jina lake. Zinafanywa na yeyote aliye na nafasi siku hiyo. Simu yake inaletwa mtoni na jirani yake ndani ya kikapu, Mwajuma anabonyeza, inarudishwa. Mwanzoni walifanya hivyo kwa Zaina peke yake. Kisha mmoja mtoto wake akashikwa na homa, mwingine akateguka mguu, wakaona hakuna sababu ya mtu yeyote kuliziwa kengele. Simu zote zikaingia kwenye beseni. Sasa Mwajuma anabonyeza kwanza, halafu wanafanya kazi kwa mpangilio wao, aliyebanwa anapokewa, na tangu hapo hawajakosa gari hata mara moja. Kwa hiyo ni kweli kwamba ushirikiano umeongezeka. Wameshirikiana kuukimbia Ubao wetu.

"Sasa mnajuaje kazi hii ni ya nani?" nikauliza, mtafiti bado yumo ndani yangu.

"Dada Sauda," Mwajuma akasema, "mkono ulio karibu ndio unaoosha."

Kabla sijaondoka nilipita kumpa Zaina pole. Alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage, simu yake imefungwa kitambaa na kuwekwa chini ya mto, uso chini. Hakuzungumzia kengele nami sikuigusa. Aliniuliza karoti zake zimefikia wapi, kama zimeanza kupasuka. Akasema, "Nikitoka hapa nitawaoshea wenzangu mpaka waniombe nipumzike." Akatabasamu kidogo, ikawa mimi ndiye niliyetaka kulia.

Mama Shemdoe alinisindikiza hadi njia panda. "Mwanangu," akasema, "haya tumekuambia wewe. Hatujaiambia simu."

Nikampa ahadi. Jina halitatoka, kijiji hakitatoka, na Zaina hataondoka kwenye orodha kwa sababu yangu. Hata haya ninayoandika hapa nimemwomba Mwajuma ruhusa, naye amesema andika, watu wajue, ila usiseme ni wapi.

Jumatatu nilimpigia Gervas kwa video. Nimtendee haki: Gervas si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, ndiye aliyenitetea nilipoomba kufanya kazi nikiwa Lushoto badala ya Dar. Nilimweleza bila kutaja mahali. Nikamwambia kijani kile hakisemi tunachodhani kinasema. Nikamwambia kengele imemsuta mtu msibani. Nikadhani yamemgusa.

"Kwa hiyo wanaudanganya mfumo," akasema.

"Wanasitiriana, Gervas."

"Tutaweka alama ya kidole. Kila mtu abonyeze mwenyewe. Ni kikundi gani?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekishika mkononi. Nikisema ukweli wote, wanaziba tundu, na wa kwanza kutolewa kwenye orodha ni Zaina. Nikiandika yale maneno mazuri aliyonituma, kengele inakwenda kulia kwenye misiba ya nchi nzima.

"Sisemi," nikamjibu.

"Sauda, hiyo ni taarifa ya kampuni."

"Ahadi niliitoa mimi. Na mtoni sikurekodi kitu, mikono ilikuwa majini."

Akavuta pumzi, akasema basi atanisaidia kuandika hitimisho. Leo asubuhi ikaja ile sentensi.

Baada ya kuota moto nilirudi chumbani nikaandika ukurasa mmoja. Wa kwangu. Nimeandika kwamba kazi ya kikundi haina mwenyewe mmoja huku kwetu, na programu inayomlazimisha awepo itadanganywa kwa adabu mpaka mwisho wa dunia. Nimeandika kwamba kazi iweze kushikwa na watu kadhaa, na aliyebanwa aweze kupokewa bila jina lake kutangazwa. Zile siku thelathini za kumtoa mtu zifutwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu watu hufiwa, huzaa, huugua, na bado ni wanachama. Kengele iondolewe. Hapo nimeongeza kwa mkono wangu kwamba kengele niliipendekeza mimi, na nilikosea. Mwisho nimeandika kuwa siambatanishi majina na nisiombwe mara ya pili.

Nikamtumia Gervas. Saa saba akajibu. Ripoti hii haipeleki mbele. Anasubiri ile nyingine. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na ningefanya vizuri kutafakari. "Natafakari kwa niaba yako pia," aliandika. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Naweza kuvumilia kutishwa. Kutafakariwa sikuweza.

Sasa sikiliza. Ofisi yetu inatumia programu yetu yenyewe, na Ubao wa Wazi umewashwa tangu mwezi uliopita, ili tuonyeshe mfano. Ripoti ilikuwa imepangwa kwa jina langu, mwisho saa nane mchana. Kubonyeza ningeweza. Kidole gumba kimoja tu, na yote yangekuwa kijani na ya amani.

Badala yake niliufungua Ubao, nikaubandika ule ukurasa wangu chini ya kazi, mahali pa viambatanisho, nikakaa kwenye kiti nikaisubiri saa nane.

Ikalia.

Simu yangu mezani, na najua kwamba Dar zililia zote, kwenye meza za watu wote wa ofisi hadi za wakubwa. SAUDA HAJAMALIZA. RIPOTI YA UBAO. Nilikuwa peke yangu chumbani na bado uso ulinichoma. Mama mwenye nyumba aliuliza kutoka jikoni nani ananipigia. Nilikaa hivyo kwa muda nikiwaza mkeka, na mjane, na mikoba ikilia pande zote. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Yeye alikuwa ametoka kuzika.

Dakika kumi baadaye Edina akaniandikia. Edina ndiye anayechora skrini za programu, ofisini ndiye rafiki yangu wa karibu. "Dada, neno lako la siri ninalo tangu siku ile ulipoumwa. Nikubonyezee? Hakuna atakayejua."

Nilikaribia kulia. Kule Dar, kwenye ghorofa yenye kiyoyozi, kulikuwa na mtu aliyetaka kunisitiri, na hakuna aliyemfundisha.

Nilimwandikia asiiguse. Kazi ikigeuka kijani inashuka chini ya Ubao na hakuna anayeifungua tena. Ikiwa nyekundu inakaa juu kabisa, na kila anayetaka kujua Sauda amekosa nini anaibonyeza, na akiibonyeza anakutana na ukurasa wangu. Gervas hawezi kuutoa. Tuliweka sheria hiyo wenyewe: kiambatanisho hutolewa na mwenye kazi tu. Mwenye kazi ni mimi. Alitaka uwazi, nimempa.

Edina akauliza: "Ni kweli ililia msibani?"

"Ni kweli."

"Basi Ijumaa nitauliza mbele yao wote. Ule mlio niliuchagua mimi."

Sikulijua hilo. Kumbe tulikuwa wawili.

Mpaka naandika haya watu kumi na mmoja wameshaufungua ukurasa, na mmoja wao ni mkubwa kuliko Gervas. Hajaandika neno. Gervas amenipigia mara mbili, sijapokea. Nitapokea kesho nikiwa nimeshiba. Huenda mwezi ujao sina kazi, na nitamweleza mama kwamba lile duka la simu limefungwa. Naogopa, nisijidanganye. Kodi ya chumba hiki hailipwi kwa ujasiri. Lakini naogopa nikiwa nimekaa wima, na sijawahi kujua kwamba inawezekana.

Zaina alisitiriwa kwa sababu hakuwa na namna ya kujisemea. Mimi nina mdomo na sina eda. Jina langu liwekwe juu, kwa herufi kubwa, walitazame mpaka walichoke.

Kikao cha Ijumaa wamenitumia kiungo cha kujiunga kwa video. Nimewajibu kwamba sitakuwepo, yote niliyonayo yako kwenye Ubao. Ijumaa ni siku ya gari. Nitapanda mlimani nikiwa na buti zangu mwenyewe, nimezinunua jana sokoni, na nikifika nitawaambia wale mama kengele ilitoka wapi, kabla sijagusa maji. Wakinifukuza, watakuwa na haki.

Wasiponifukuza, zamu ya kuosha siku hiyo ni ya Zaina. Nitaosha mimi.